Mwili wa Mtoto na Karatasi ya Safari

Mwanadamu hupimwa mara nyingi maishani mwake. Hupimwa uzito siku azaliwapo, hupimwa akili aingiapo shuleni, hupimwa tabia apelekapo posa, na mwisho hupimwa kimo ili kaburi lake lichimbwe kwa kadiri yake. Vipimo hivi havilingani kwa nia. Kimoja hufanywa kwa faida ya apimwaye, kingine kwa faida ya apimaye, na kingine kwa faida ya wote wawili. Ubaya haumo katika kupima. Huzuka pale nia moja inapovaa nguo za nia nyingine, hata apimwaye asijue anapimiwa nini. Kipimo cha hatari hiyo ni uchunguzi wa daktari unaodaiwa kwa mtoto anayeombewa ruhusa ya kuhamia nchi nyingine. Je, mtoto huyo asimamapo mbele ya daktari ni mgonjwa anayetafutiwa afya, au ni shahidi ambaye mwili wake unahojiwa kwa sababu maneno ya watu wake hayasadikiki? Na wale wanaopokea dai la kumpima, yaani mzazi, tabibu na ofisa, wana wajibu gani kwake?

Swali hili si la vitabuni tu. Laweza kutazamwa vizuri katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mkoa uliotengwa na Arusha mwaka 2002. Huko Wairaqw hulima nyanda za juu, na Wadatoga huchunga ng'ombe katika tambarare zinazouzunguka mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Huko pia, mwaka 1955, wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei walifungua hospitali ya Haydom, na tangu hapo madaktari, wauguzi na watafiti wa kigeni wamekuwa wakija na kuondoka. Njia aijiayo mgeni ndiyo njia aiendeayo mwenyeji. Wako watoto wa wilaya hizo waliokwenda ng'ambo kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa; na kila aendaye huacha nyuma mtu ambaye siku moja atatamani kumwita.

Na achukuliwe binti mmoja, ambaye si mtu fulani bali ni mfano. Anakaa na bibi yake katika kijiji kimoja baina ya Dongobesh na Haydom. Alizaliwa nyumbani, katika mwaka ule wa 2009 ambao ukame uliteketeza ng'ombe wengi wa kaskazini. Mama aliyemzaa alifariki binti angali ananyonya. Mdogo wake marehemu akamchukua mtoto, akamlisha uji, akamlaza mgongoni, akampeleka kliniki, na mtoto alipoanza kusema neno la kwanza alimwita mama. Baada ya miaka kadhaa mama huyu alipata kazi ng'ambo, akaolewa huko, akamwacha binti kwa bibi. Sasa nyumba yake imetulia, na anamwombea binti ruhusa ya kumfuata. Katika fomu, mahali palipoulizwa uhusiano, ameandika neno moja: mwanangu.

Barua ya majibu inakuja, nayo inataka binti apimwe. Nchi hazidai mambo yaleyale, wala si kila mtoto hudaiwa yote. Walakini madai yao yakikusanywa pamoja huwa ni maswali matatu. La kwanza: je, mtoto huyu ni mgonjwa? La pili: je, umri wake ni huo unaotajwa? La tatu: je, ni mtoto wa huyo anayesema ni mzazi wake? Maswali yote matatu hupelekwa kwa mwili, na yote hujibiwa na watu waliovaa makoti meupe. Kwa hiyo machoni pa bibi ni jambo moja: mjukuu ameitwa hospitali. Bibi hana sababu ya kutofautisha sindano na sindano. Lakini mwenye kutafuta haki hana budi kuyatenga maswali hayo, kwa kuwa lile la kwanza ni la tabibu, na mawili yaliyosalia ni ya hakimu aliyeazima mikono ya tabibu.

Uchunguzi wenyewe haufanywi na daktari yeyote. Ubalozi huteua madaktari wake, nao aghalabu hukaa katika miji mikubwa kama Dar es Salaam au Nairobi. Daktari wa Haydom aliyemtibu binti surua na malaria hawezi kutia sahihi. Hivyo bibi na mjukuu hupanda basi kuiacha nyumba ambako binti anajulikana, kwenda mbele ya mtu asiyemjua, ambaye ameteuliwa kwa sababu hiyohiyo ya kutomjua. Kwa miaka mingi waombaji wa viza ya Marekani walipewa majibu yao katika bahasha iliyofungwa kwa gundi na muhuri. Msafiri aliibeba mwenyewe hadi mpakani, naye haruhusiwi kuifungua. Siku hizi nchi nyingi hupelekeana habari hizo kwa kompyuta, lakini bahasha ile yafaa ikumbukwe. Mtoto alibeba mkononi habari za mwili wake mwenyewe, nazo hazikuwa zake.

Na litazamwe swali la kwanza. Kuuliza kama mtoto ana kifua kikuu si dhuluma. Ugonjwa huo huambukiza, huua, na hutibika. Na mwenye kuupokea ugeni ana haki ya kuilinda nyumba yake kama vile mgeni alivyo na haki ya kutibiwa. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Marekani humtaka mtoto wa miaka 2 au zaidi, atokaye katika nchi zenye ugonjwa mwingi kama Tanzania, apimwe damu yake, kwa kuwa kipimo cha zamani cha ngozi chaweza kudanganywa na chanjo ya BCG ambayo mtoto wa Kitanzania huchanjwa azaliwapo. Huo ni uangalifu mwema, maana mpimaji amejitahidi kutoihesabu kinga kuwa ugonjwa. Kadhalika katika nyanda za kaskazini, ambako watu wengi hunywa maziwa mabichi, watafiti wameonyesha kuwa baadhi ya kifua kikuu cha tezi za shingo hutokana na vimelea vya ng'ombe. Mtoto mwenye uvimbe shingoni ambaye nyumbani hakuonekana kuwa mgonjwa aweza kugunduliwa kwa sababu tu ya safari. Hapo dai la kigeni limemfaa mwenyeji.

Lakini hata katika swali hili jema umo mtego. Matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi 6, na makohozi yaliyopandwa maabara hungojewa wiki kadhaa. Cheti cha afya nacho kwa viza ya Marekani hudumu kwa kawaida miezi 6, na wakati mwingine 3 tu. Mtoto aliyekutwa na ugonjwa hutibiwa hata vyeti vingine vikapitwa na wakati, na vikishapitwa huanza upya, na katika kuanza upya umri wa miaka 18 humkaribia kama mamba amkaribiavyo mwoga wa mtoni. Hapo hushuka majaribu juu ya tabibu mwenye huruma. Mbona asiandike kwamba mapafu ni safi, mradi mtoto atatibiwa aendako? Mbona asipunguze mwaka mmoja katika umri? Nani atadhurika?

Atadhurika mtoto afuataye. Huruma inayosema uongo humlipa mmoja kwa mali ya wengi. Cheti cha daktari kina thamani kwa kuwa waliotangulia walikiandika kwa kweli. Na kila uongo unaoandikwa juu yake, hata uwe mwema kiasi gani, hula sehemu ya thamani hiyo. Mwisho wake ni ofisa kutosadiki cheti chochote kitokacho upande huo, na kudai kipimo kikali zaidi. Vipimo vingi vinavyowaudhi watoto leo vimejengwa juu ya uongo uliosemwa jana na watu wazima. Basi katika swali la ugonjwa wajibu wa tabibu ni mwepesi kuutaja ijapokuwa ni mzito kuutenda: aseme yote ayaonayo, amwambie mtoto na mlezi wake kabla ya kumwambia balozi, na asimruhusu mtu kuujua ugonjwa pasipo kuufuatisha na dawa. Aulizaye maradhi bila kukusudia tiba hakuuliza kwa ajili ya afya.

Historia yatoa mfano wa swali la afya lililogeuka kuwa dharau. Tangu mwaka 1987 Marekani iliwazuia wageni wenye virusi vya UKIMWI kuingia, na zuio hilo liliondolewa Januari 2010. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, mtoto aliyezaliwa na virusi hivyo alihitaji msamaha wa pekee kana kwamba alikuwa na kosa, ingawa maradhi yake hayaenezwi kwa kukaa darasani wala kulala chumba kimoja na ndugu zake. Zuio lilipoondoka, kilichokuwa kimebadilika si virusi. Kilichobadilika ni moyo wa aliyeuliza.

Swali la pili ni la umri, nalo ni gumu zaidi, kwa kuwa mwili haukuumbwa uwe kalenda. Wapimaji wengi wamepiga picha ya eksirei ya mkono wa kushoto na kuilinganisha na picha za kitabu cha Greulich na Pyle, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1950 na kuchapishwa tena mwaka 1959. Picha za kitabu hicho zilikusanywa baina ya 1931 na 1942 kwa watoto wa Cleveland, Marekani, waliokuwa weupe, wenye afya, na wa familia zenye nafasi. Kitabu ni kizuri kwa kazi yake, yaani kumsaidia tabibu kujua kama mtoto anakua vema au la. Lakini kazi hiyo ilidhani kwamba umri unajulikana na ukuaji ndio unaoulizwa. Afisa amekigeuza: ukuaji ndio anaouona, na umri ndio anaouuliza. Ni kama mtu achukuaye mizani ya kupimia mahindi na kutaka imwambie shamba lililimwa lini.

Na mkono wa mtoto wa Mbulu ni upi? Watoto wa vijiji vinavyoizunguka Haydom walifuatwa tangu kuzaliwa katika utafiti wa nchi nane juu ya utapiamlo na maradhi ya tumbo, ulioanza mwaka 2009, na wengi wao walionekana kuwa wafupi kuliko umri wao. Mfupa usiolishwa vema huchelewa kukomaa. Aidha maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana madini ya floridi yanayopita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekishauri, na kwa sababu hiyo meno ya kahawia ni jambo la kawaida kwa watu wa mikoa ya Arusha na Manyara. Meno na mifupa ya mtoto wa huko yameandika historia ya njaa, maji na maradhi ya nchi yake. Asomaye maandishi hayo kwa alfabeti ya Cleveland atasoma kitu, walakini hatasoma kilichoandikwa. Hata kwa mtoto aliyelishwa vizuri, kosa la mwaka mmoja au miwili huingia kwa urahisi. Na baina ya miaka 17 na 18, mwaka mmoja ni mlango mzima.

Waliotumia njia hiyo waliujua udhaifu wake. Uingereza iliwapiga eksirei watoto walioomba kuwafuata wazazi wao, hasa watoto wa Bara Hindi, mpaka mwaka 1982 ilipoiacha desturi hiyo baada ya madaktari na wabunge kuilaumu. Kisha sheria ya mwaka 2022 juu ya uraia na mipaka ikaufungua mlango huo tena. Norwei, nchi iliyowapa watu wa Mbulu hospitali, nayo imetumia picha za mikono na meno kukadiria umri wa vijana wanaoomba hifadhi. Hapana ajabu katika jambo hili, wala si sababu ya kuwatukana Wanorwei. Ni ukumbusho kwamba mkono uleule waweza kushika dawa Haydom na kushika rula mpakani, na kwamba mtu mmoja huwa mwingine kwa swali aliulizalo.

Atasema msomaji kwamba watu wangeleta vyeti vya kuzaliwa, mifupa isingepigwa picha. Ni kweli, na kuandikisha watoto ni wajibu wa kila mzazi na kila serikali. Lakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5, waliosajiliwa hawakuzidi 16 au 17. Binti wa mfano wetu ni mmoja wa 84 waliobaki. Na hata aliye na karatasi huweza kuipoteza. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima Hanang yakaiangukia Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na nyumba zikasombwa na vilivyokuwamo. Asiye na karatasi hubakiwa na mambo mawili: mwili wake, na watu wanaomjua. Dunia ya vyeti imezoea kuuliza mwili na kuwanyamazisha watu.

Hali watu hao si mabubu. Bibi hajui tarehe, lakini anajua kwamba binti alizaliwa mwaka wa ukame, ng'ombe walipokuwa wakifa na kabla mvua hazijarudi. Kwamba mtoto wa jirani alizaliwa wiki hiyohiyo naye ana kadi. Kwamba binti alianza darasa la kwanza pamoja na fulani. Ushahidi huo waweza kuhojiwa, kulinganishwa, na kukutwa na kosa. Basi una sifa zote za ushahidi. Kuusikiliza kwataka siku nzima na mtu ajuaye Kiiraqw au Kiswahili. Picha ya mkono yataka dakika tano. Hapa ndipo inapoonekana siri ya jambo: mara nyingi mwili huulizwa, si kwa sababu wajua zaidi, bali kwa sababu ni mwepesi kuulizwa. Haubishani, hauhitaji mkalimani, wala haulii mbele ya meza.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: mtoto huyu ni wa nani? Hapa elimu ya vinasaba imekuja na nguvu ambayo mifupa haina, na haki yataka isifiwe panapostahili. Mwaka 1985 mvulana wa jamaa ya Ghana alikuwa akizuiwa kurudi Uingereza kwa mama yake, kwa kudhaniwa kwamba si mwanawe. Profesa Alec Jeffreys wa Leicester alipima damu ya mvulana, mama na ndugu zake kwa njia aliyokuwa ameivumbua mwaka uliotangulia, na damu ikasema kwamba mama alisema kweli. Kesi ile ilikuwa ya kwanza kukatwa kwa njia hiyo. Basi kipimo cha vinasaba kiliingia katika dunia ya wahamiaji kwa mlango wa rehema: kilimwokoa mtoto asiyesadikiwa. Anayekilaani kwa jumla amemsahau mvulana huyo.

Lakini na lisikizwe tukio la pili. Mwanzoni mwa mwaka 2008 Marekani ilianza mjini Nairobi kupima vinasaba vya wakimbizi walioomba kuwafuata jamaa zao, wengi wao wakiwa Wasomali na Waethiopia, kisha ikaendelea katika nchi nyingine za Afrika, hata waliohusika wakafikia wapatao 3,000. Familia ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitishwa hazikufika moja katika tano. Mpango mzima ukasimamishwa mwaka huohuo, ukarejeshwa mwaka 2012 kwa sharti la vinasaba baina ya mzazi na mtoto. Wengi walihitimisha kwamba wanne katika watano walikuwa waongo. Hesabu haikusema hivyo. Katika hao walikuwamo waliokataa kupimwa na wasiofika kabisa. Na katika familia iliyokosa, kiungo kimoja tu kisichokubali kilitosha kuiangusha. Hapana shaka walikuwamo wadanganyifu, na wauzaji wa nafasi. Lakini walikuwamo pia waliolea watoto wa ndugu waliokufa vitani, wakawaita wana, kwa kuwa katika lugha yao ndivyo walivyo.

Kiswahili chenyewe ni shahidi. Ndugu wa kike wa mama si shangazi. Ni mama mkubwa au mama mdogo. Ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Neno la msingi ni mama au baba. Ukubwa na udogo ni sifa tu inayokuja nyuma. Fomu ya uhamiaji ina kisanduku kimoja cha mama, nacho ni cha aliyezaa au aliyeasili kwa amri ya mahakama. Mama mdogo wa binti aandikapo mwanangu, amesema kweli katika lugha aliyonyonya, na amesema uongo katika lugha ya fomu. Waswahili husema pia kwamba kitanda hakizai haramu, maana yake mtoto ni wa nyumba iliyompokea, na asiulizwe zaidi.

Wilaya za Mbulu na Hanang zina funzo lao katika jambo hilo. Yasimuliwa, na wataalamu wa mila wameandika, kwamba zamani msichana wa Kiiraqw aliyepata mimba kabla ya ndoa alitengwa na watu wake kwa kuogopwa uchafu wa kimila, hata akawa hana pa kulala. Wengi wa wasichana hao walikimbilia kwa Wadatoga, ambao waliwapokea, na mtoto aliyezaliwa akawa Mdatoga kamili, mwenye ukoo na ng'ombe. Majirani wawili, waliokuwa wakigombana kwa mengine, walikuwa na majibu mawili kwa swali moja. Mmoja aliuliza mtoto ametoka wapi. Mwingine aliuliza mtoto ameingia wapi. Ni nani kati yao aliyemjua mtoto vizuri zaidi? Kama kizazi cha mtoto yule kingepimwa vinasaba leo, damu ingesema ukweli juu ya baba mmoja, na ingenyamaza kabisa juu ya baba aliyefungua zizi.

Hapa hapana budi kusikiliza upinzani wenye nguvu, na si wa kupuuzwa. Watoto huuzwa. Wako watu wazima wanaowaita wana wale wanaokwenda kuwatumikisha jikoni au kuwatenda mabaya zaidi, nao pia husema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ilipomtaka mgeni anayetaka kuasili mtoto awe amekaa nchini miaka 3 mfululizo, haikufanya hivyo kwa kuwachukia wageni. Ilijua kwamba mapenzi ya ghafla kwa mtoto wa mwingine yafaa yajaribiwe na wakati. Ofisa anayesadiki kila neno mwanangu huwafungulia wezi. Basi shaka yake yaweza kuwa ngao ya mtoto.

Upinzani huu ni wa kweli. Lakini ukifuatwa hadi mwisho hausemi kile ambacho wengi wanadhani unasema. Kama shabaha ni kumlinda mtoto na mwizi, swali la haki ni hili: huyu amwitaye atamtendea nini? Damu haijibu swali hilo. Wako wazazi wa damu waliowauza watoto wao, na wako mama wadogo waliokesha. Kipimo cha vinasaba chaweza kuonyesha kwamba maneno yamehitilafiana na nasaba; hapo kazi ya kuuliza ndipo inapoanza, wala sipo inapokwisha. Shaka inayomlinda mtoto humpeleka ofisa kijijini, kwa bibi, kwa mwalimu, kwa mtendaji wa kijiji. Shaka inayoilinda meza ya ofisa huishia maabara. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, watamka katika kifungu cha 10 kwamba maombi ya mtoto na wazazi kuungana yashughulikiwe kwa utu na kwa haraka. Utu ni neno lenye kazi. Lamtaka ofisa aulize mtu kabla ya kuuliza damu.

Wajibu wa mama mdogo nao usisahauliwe, kwa sababu ni wepesi kuwahukumu wenye ofisi na kuwasamehe wenye mapenzi. Yeye ana uhuru ambao binti hana: aweza kueleza. Badala ya neno moja katika kisanduku, na aambatishe barua, aandike kwamba mtoto huyu alizaliwa na dada yangu aliyekufa, nami ndiye niliyemlea. Na kabla ya kuomba, atafute amri ya mahakama ya ulezi au ya kuasili, hata kama jambo hilo litachelewesha safari. Anaponyamaza kwa hofu kwamba kweli itamkosesha, anaiacha kweli hiyo isemwe na chupa ya maabara, na chupa haina adabu. Binti ambaye hakuwahi kuambiwa habari za mama aliyemzaa atazisikia kutoka kwa karatasi, mbele ya mgeni, siku anayotazamia kupewa tiketi. Mzazi anayekubali mtoto apimwe vinasaba bila kumwambia kwanza anachokijua amemwacha mtoto ajikwae gizani, hali yeye taa ameishika mkononi.

Tabibu naye, akiisha kuyatenga maswali matatu, ataona kwamba hana ahadi moja kwa yote. Katika swali la ugonjwa, aseme yote. Katika swali la umri, aseme kile ambacho mfupa unajua, na aandike waziwazi kadiri ya kosa lake, hata kama fomu imeacha nafasi ya tarakimu moja tu. Maana tarakimu moja palipo na shaka ni uongo uliovaa tai. Katika swali la nasaba, ajibu alichoulizwa na asizidishe, na kabla ya kuchukua mate ya mtoto ahakikishe kwamba mtoto na mlezi wameelewa nini kinaweza kugunduliwa. Asichukue kimya kuwa ridhaa. Na yeyote akataaye kupimwa asihesabiwe kuwa amekiri. Kukataa kuna sababu nyingi, na aibu ya nyumba ni mojawapo.

Limebaki jambo dogo ambalo huenda ndilo kubwa. Katika safari hii yote, kutoka Dongobesh hadi Dar es Salaam, binti amepigwa picha, amechomwa sindano, amefunguliwa kinywa, ametajwa kwa namba. Lakini inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyemwuliza kama anataka kwenda. Mkataba uleule, katika kifungu cha 12, wampa mtoto awezaye kuwa na maoni haki ya kusikizwa katika mambo yanayomhusu, na binti wa miaka 16 au 17 ana maoni. Yamkini anatamani kumfuata mama yake kuliko kitu chochote duniani. Yamkini anaogopa kumwacha bibi peke yake. Kinywa chake kimefunguliwa ili meno yahesabiwe, kisha kikafungwa kabla hakijasema neno.

Hatia hiyo si ya ubalozi peke yake. Imegawanyika kwa wote waliomshika mkono njiani wakadhani kwamba kumpeleka ndiko kumpenda. Mwili wa mtoto waweza kusema kama anaumwa, na akisema asikilizwe na kutibiwa. Waweza kunong'ona, kwa kukosea mara nyingi, kuhusu miaka yake. Waweza kutaja aliyemzaa. Lakini hauwezi kusema nani aliamka usiku alipokuwa na homa, wala nani atakayeamka kesho. Hilo huulizwa kwa watu, kwa uvumilivu, katika lugha wanayoijua. Mwenye kulitafuta katika mfupa atapata mfupa.